Kinyozi Aliyeacha Kuvunja Shingo

Wateja walikwisha kulisahau jina lake zamani. Walimwita Kichwa Sawa, kwa sababu ya maneno mawili aliyoyarudia tangu anafungua duka mpaka anafunga. Mteja akiinamisha kidevu: "Kichwa sawa." Akigeuka kumchungulia mpita njia: "Kichwa sawa, bwana, nitakutoa sikio bure." Aliyasema kwa sauti ya chini, ncha za vidole viwili zikigusa paji la uso la mteja, na kichwa kikarudi mahali pake taratibu, kama mlango uliotiwa mafuta.

Chake mwenyewe kilikuwa upande. Sikio lake la kushoto lilikuwa zito tangu utotoni, akawa anasikiliza kwa la kulia. Na kinyozi hupewa habari za mtaa kutoka chini, kwenye kiti, tena kwa kunong'onezwa. Kwa hiyo Kichwa Sawa alifanya kazi ameinama, kichwa kimelalia bega la kulia, sikio limeelekea mdomo wa mteja, mashine inanguruma mkononi. Aliyempita barabarani angedhani anamlaza mtoto begani.

Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kioo kirefu, viti viwili, benchi la wanaosubiri na redio juu ya rafu ya mafuta. Kiti cha pili kilikuwa cha shemeji yake, kaka wa mkewe, mtu mkubwa mwenye mikono kama koleo, ambaye aliacha ubebaji wa magunia akajifunza unyoaji. Hata hivyo watu hawakulijua duka kwa redio wala kwa shemeji. Walilijua kwa shingo.

Kila mteja alipokwisha kunyolewa, kupakwa poda na kupigwa brashi, Kichwa Sawa alisimama nyuma yake. Mkono mmoja ulishika kidevu, wa pili ukashika kisogo. "Legea," alisema. "Legea kabisa. Fikiria umelala." Kisha akazungusha ghafla, na shingo ikalia, tko. Benchi zima likaitikia kwa mguno. Upande wa pili, tko. Mteja akasimama akijipapasa, macho yamemtoka, anacheka.

Wa kwanza kulizwa shingo katika kiti kile alikuwa baba mkwe wake. Alitoka nje siku hiyo akajinyoosha mbele ya duka, akatangaza kwamba mkwe wake amemrudishia ujana, na hakuacha kutangaza tangu hapo, msibani na harusini. Watu walianza kuja kutoka mitaa ya mbali wakiwa na nywele ambazo hazijafika wakati wa kukatwa. Ng'ambo ya barabara palifunguliwa duka la vijana lenye taa za rangi na viti vya ngozi, lakini benchi la Kichwa Sawa liliendelea kujaa. Hapo ndipo alipoamini moyoni kwamba mkate wa nyumba yake unatoka katika mlio ule.

Ndipo kichwa kilipoanza kumuuma.

Mwanzoni kilikuwa kinakuja jioni, kama mgeni mwenye haya. Baadaye kikawa kinakuja mchana, halafu kikawa kinamngoja dukani asubuhi. Katika droo iliyo chini ya kioo, pembeni mwa nyembe, alikuwa na vidonge vya maumivu, akivimeza kama karanga. Jioni, duka likifungwa, alikaa kwenye kiti chake mwenyewe na kumwita shemeji.

"Shem, njoo univunje."

Shemeji alikunja mikono ya shati, akashika, akazungusha. Tko, tko. Kichwa Sawa alipata nafuu ya kumfikisha nyumbani, na kichwa kikamtangulia mlangoni.

Kila aliyekaa kwenye kiti alikuwa na jina la ugonjwa huo. Dereva wa lori alisema ni kipandauso, kwa kuwa yeye anacho. Mwimbaji wa kwaya alisema ni mafua yaliyojificha ndani ya mifupa ya uso, kwa kuwa yeye anayo. Mwalimu alisema ni mawazo. Shemeji alisema ni uzee, akaombwa asirudie. Kichwa Sawa alitikisa kichwa kwa kila mmoja, na kukitikisa kulimuumiza.

Kisha akanyamaza. Redio ilizimwa kwa sababu ilimtoboa. Hadithi za mtaa zilimfikia, zikaishia kwake kama maji yanayomwagwa mchangani. Wateja wakaanza kunyolewa kimya kimya, kama wanaopigwa picha za kitambulisho. Wiki moja akamwambia mkewe kwamba mwaka ukiisha atamwachia shemeji duka, apumzike.

Mkewe, aliyeuza vitambaa mtaa wa nyuma na kuzoea kupima mambo kabla ya kuyakata, alimtazama. Alijua mume wake bila kiti kile ni shati bila mtu ndani yake.

"Utapumzika wapi?" akauliza. "Hapa sebuleni?"

"Hapa hapa."

"Utamnyoa nani? Mimi? Au paka?"

"Mama watoto, kichwa kinaniua."

"Kama kinakuua, tukakipeleke kikaonekane. Huwezi kumrithisha ndugu yangu duka kwa ugonjwa usiojulikana jina."

Daktari wa kliniki alimpima shinikizo la damu, akamulika macho yake, akampiga magoti kwa kinyundo kidogo, akamwambia ashike pua yake mwenyewe huku amefumba macho. Hakuona la kutisha. Lakini alipoibonyeza shingo upande wa kulia, Kichwa Sawa aliruka kama aliyekanyaga msumari. Akaandikiwa aende ghorofa ya juu, kwa mtaalamu wa uti wa mgongo na viungo, kazi ambayo kitaalamu huitwa kairopraktiki.

"Ni hao wanaovunja migongo," alimwambia mkewe wakipanda ngazi, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu sauti yake ilichangamka. "Hatimaye nitashikwa na fundi mwenzangu."

Alitazamia mtu mwenye shingo ya ng'ombe. Akamkuta mwanamke mwembamba, wa umri wa mdogo wake wa mwisho, aliyevaa viatu vya raba. Kwenye kona ya chumba ilisimama mifupa ya plastiki iliyotundikwa kwenye ndoano. Kichwa Sawa aliikagua.

"Huyu hana nywele. Si mteja wangu."

"Na hana malalamiko," alisema Daktari. "Karibu, baba. Kinakuuma wapi?"

"Kichwani."

"Kichwani ni pakubwa. Nionyeshe kwa kidole kinapoanzia."

Hilo alilijua. Maisha yake yote alikuwa akitembea juu ya vichwa. Kidole kilishuka nyuma ya sikio la kulia, kikasimama kwenye ukingo wa nywele. "Hapa, ninapomalizia wembe. Kinaanza hapa, kinapanda, kinakuja kukaa nyuma ya jicho."

"Jicho hili hili la kulia?"

"Hilo hilo. La kushoto halijui lolote."

Aliulizwa kama mwanga unamkera, kama anatapika, kama huona vimulimuli kabla hakijaanza. Hapana. Kama akiinama uso unakuwa mzito na pua inaziba. Hapana. Kama kimewahi kumpiga ghafla kama radi, au kuja na homa na shingo kukakamaa, au mkono kufa ganzi, au ulimi kuwa mzito. Hapana, hapana, hapana.

"Vizuri. Ungesema ndiyo kwa hayo ya mwisho, ningekurudisha chini mbio."

"Lakini hayo ya kwanza nayajua," alisema Kichwa Sawa. "Nina dereva, kikimshika huegesha lori, anajifunika shati usoni. Jua kwake linakuwa adui. Upande mmoja unapiga kama ngoma."

"Hicho ni kipandauso. Na dawa zake ni nyingine."

"Na mwalimu wangu anasema ni kama amevaa kofia ya mtoto wake. Inabana pande zote, haipigi, inabana tu. Hasa wakati wa mitihani."

"Hicho ni cha mkazo. Misuli ya kichwa na mabega imekaza."

"Mimi wote hao nawapa dawa moja. Vidonge viwili na shingo."

Daktari aliyekuwa akiandika aliacha kuandika. "Shingo vipi?"

Kichwa Sawa alimweleza. Alimweleza kwa fahari, akaonyesha mikono inavyokaa, akatoa na mlio kwa ulimi. Akasema na yeye huvunjwa kila jioni na shemeji, ndiyo sababu hajafa.

"Na vidonge, unameza mara ngapi?"

"Si kila siku. Jumapili duka likifungwa..."

"Jumapili pia," alisema mkewe kutoka kwenye kiti cha pembeni.

Daktari alivuta kigoda akakaa mbele yake, magoti kwa magoti. Hakugomba. Alimwambia kuna kichwa kinachotoka shingoni: viungo vya juu vya shingo vikichoka kwa kulazwa upande mmoja siku nzima, hupeleka maumivu yao juu, na kichwa kikalia kwa kosa la shingo. Hicho ndicho alichokuwa nacho. Juu yake amejiongezea kingine, kwa sababu dawa za maumivu zikizoeleka hugeuka zikaleta maumivu yale yale zilizoitwa kuyafukuza.

"Kwa hiyo nina viwili," alisema Kichwa Sawa.

"Viwili kwa fuvu moja."

"Na mlio?"

"Mlio ni hewa, baba. Ni vipovu ndani ya kiungo, kama unapovunja vidole. Hakuna mfupa uliorudi mahali. Mimi mwenyewe kuna shingo ninazozungusha, lakini nimeisomea kazi hiyo miaka, na naipima kwanza kila shingo. Nyingine sizigusi kabisa. Humu pembeni inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo." Alipitisha kidole kwenye shingo ya ile mifupa. "Ukizungusha kwa nguvu shingo usiyoijua, unaweza kuichana. Shemeji yako alibeba magunia. Gunia halina mishipa."

Alimlaza kifudifudi kwenye kitanda chenye tundu la uso. Kichwa Sawa alifumba macho, akalegea kabisa, akangoja mlio. Haukuja. Vidole vilibonyeza chini ya fuvu, vikatulia, vikangoja msuli uchoke kushindana, vikasogea. Vilishuka begani, vikarudi. Hakuna kilichozungushwa.

"Mbona haijalia?" aliuliza kutoka ndani ya tundu.

"Imenyamaza. Inasikiliza."

Alipoinuka, chumba kilionekana kipana zaidi kuliko alipoingia.

Alipewa kazi za kufanya. Kiti cha duka kipandishwe, mteja aje juu badala ya kinyozi kwenda chini. Akitaka kusikia habari asogeze miguu, si shingo. Kila baada ya mteja asimame mbele ya kioo, avute kidevu ndani taratibu. Vidonge apunguze kwa mpango wa daktari wa chini, ajue kwamba siku za kwanza kichwa kitanuna. Shemeji asimguse tena.

"Na wateja wako pia uache kuwazungusha," alimalizia.

Kichwa Sawa alitazama viatu vyake. "Daktari, hilo ndilo duka langu."

"Najua nakuomba kitu kikubwa. Lakini wewe unashika vichwa vingi kuliko mimi. Ungekuwa macho yangu huko. Mfano mzee, ambaye hajazoea kuumwa kichwa, aje akuambie kitana kinamuuma kwenye kipaji, hapa kando ya jicho. Akitafuna, taya linachoka. Macho yanamfifia. Huyo usimwambie arudi kesho. Ni mshipa wa kipajini umevimba, unaweza kumnyima jicho. Siku hiyo hiyo hospitali."

Aliitikia. Lakini moyoni alitii nusu. Kiti alikipandisha, mpaka wafupi wakawa wanapanda kwa kushikwa mkono. Kidevu alikivuta mbele ya kioo, shemeji akasema anafanana na kuku anayemeza. Vidonge alivipunguza, na siku zile za mwanzo alikuwa mkali kiasi kwamba benchi liliomba ruhusa kukohoa. Ila shingo za wateja aliendelea kuzivunja. Hawa si wagonjwa, alijiambia. Na ng'ambo ya barabara zile taa za rangi zilikuwa zinawaka.

Wiki zilivyokwenda, kichwa kilianza kuchelewa kufika. Siku moja hakikuja kabisa, na Kichwa Sawa hakugundua mpaka alipokuwa anafunga mlango, ndipo akasimama barabarani na funguo mkononi kama aliyesahau kitu. Redio iliwashwa tena. Dereva wa lori aliambiwa aache vidonge vya droo, aende kliniki akapewe dawa za kipandauso. Akaenda, akarudi akisema sasa anaegesha lori kwa ajili ya kula tu. Kichwa Sawa hakusema tena kuhusu kuacha kiti. Hata hivyo, kila alipoweka mkono chini ya kidevu cha mtu, aliiona ile mishipa, na mkono ukawa mzito.

Jumamosi moja, benchi limejaa mpaka wengine wamesimama mlangoni, akaingia baba mkwe. Alisalimiwa na duka zima. Aliruka foleni kwa haki ya uzee na ukwe, akapandishwa kwenye kiti kirefu.

"Siku hizi unatunyolea mbinguni, mwanangu."

"Tunakusogeza karibu na nuru, Baba."

"Nifanyie kazi yote leo. Na shingo uivunje vizuri."

Kichwa Sawa alianza upande wa kushoto. Mashine ilikwenda, mvi zikaanguka, mzee akasimulia kesi ya jirani na mbuzi. Nusu ya kichwa ilikuwa tayari. Akahamia kulia, akapitisha kitana kwenye kipaji, na mzee akajikunja.

"Polepole. Unanichana kwa uma?"

Kitana kilisimama. Miaka yote hiyo mzee hakuwahi kulalamikia kitana.

"Panauma, Baba?"

"Kichwa kinanisumbua siku hizi. Ndiyo maana nimekuja kabla ya wakati. Wewe vunja, kitaondoka."

"Umewahi kuumwa kichwa zamani?"

"Mimi? Muulize mama mkwe wako. Nilikuwa namuumiza yeye."

Benchi lilicheka. Kichwa Sawa hakucheka. "Ukila je? Taya?"

"Linachoka. Nyama siku hizi naiangalia tu, nawaachia wajukuu. Nani kakwambia?"

"Na macho?"

Mzee alijisugua jicho. "Juzi hili la kulia liliingia ukungu, kama mtu amelipulizia pumzi. Ukaondoka wenyewe. Sasa umekuwa hakimu? Nivunje shingo nikapumzike."

Alijiweka sawa, akafumba macho, akalegea kama alivyofundishwa. Benchi likanyamaza kungoja mlio. Mikono ya Kichwa Sawa ilikuwa tayari hewani. Akaishusha.

"Leo sivunji, Baba."

"Umesemaje?"

"Sivunji. Nakupeleka hospitali sasa hivi."

Mzee alifumbua jicho moja. "Mwanangu, ni mimi niliyekutangaza. Hawa wote unaowaona wamekuja kwa mlio."

"Najua, Baba."

"Mbele yao unaninyima?"

"Mbele yao."

Mmoja wa mlangoni akasema, kwa sauti ya kusikika, "Kama mlio umekwisha, si bora tuvuke barabara? Kule kuna hata soda."

"Barabara ipo, haifungwi," alijibu Kichwa Sawa, tayari anafungua kitambaa cha shingoni mwa mzee. "Shem, kaa na wateja. Wasiotaka, wasindikize."

"Nusu kichwa?" Mzee alikuwa anajitazama kwenye kioo. "Unanipitisha mjini nusu kichwa?"

"Nusu ya pili itakungoja hapa."

Alimshusha kwa mikono miwili, akamvika kofia ya shemeji iliyomfika mpaka nyusi, akamwingiza kwenye teksi.

Hospitali walimsikiliza maneno machache tu, kisha hatua zao zikaongezeka kasi. Damu ilichukuliwa, dawa ikaanzishwa hapo hapo bila kungoja majibu, akalazwa. Daktari wa zamu aliwaambia mshipa wa kipajini umewaka, na mzee amefikishwa kwa wakati. Wangengoja mlio, pengine jicho lisingengoja. Mke wa Kichwa Sawa alikuja na chakula, akamkuta baba yake amekaa kitandani na nusu kichwa chake, anawakataza wauguzi wasimguse nywele.

"Ana kinyozi wake," walimweleza. "Amesema kazi ya mtu haimaliziwi na mwingine."

Dukani, zile siku za kwanza, benchi lilipungua. Watatu wanne walivuka barabara kweli, na Kichwa Sawa aliwaona kupitia kioo wakiingia kwenye taa za rangi. Alivuta kidevu ndani, akaendelea. Kwa waliobaki alianza jambo jingine. Baada ya poda alichovya taulo kwenye maji ya moto, akalikamua, akaliweka kwenye shingo, kisha akashika mabega kwa mikono miwili na kutulia tu. Hakuzungusha kitu. Alihesabu pumzi za mteja mpaka zikawa ndefu.

Mzee aliporudi, alirudi Jumamosi kwa makusudi, kofia mkononi, ili nusu kichwa chake kionekane tangu mwanzo wa mtaa. Nyuma yake walifuata waliotaka kujua habari, na mmoja wao alikuwa yule wa soda. Alipanda kwenye kiti bila kuulizwa.

"Nisikilizeni," aliliambia benchi. "Huyu mtu alininyima. Mimi baba mkwe wake, mbele yenu. Nilikasirika nikataka binti yangu arudi nyumbani kwangu siku hiyo hiyo. Sasa." Alifumba jicho la kushoto, akalielekeza la kulia kwenye rafu. "Mafuta ya nazi. Chupa ya tatu. Imebaki nusu. Mmeona?"

"Imebaki robo, Baba," alisema shemeji.

"Jicho si lako."

Kichwa Sawa aliwasha mashine, akanyoa nusu iliyobaki, kitana kikapita kipajini na mzee hakujikunja. Poda, brashi. Kisha mzee, kwa mazoea ya miaka, akafumba macho na kulegea. Benchi lilimtazama kinyozi. Alichovya taulo, akakamua, akaliweka. Akashika mabega, akasimama wima nyuma yake. Kwenye kioo vilionekana vichwa viwili, kimoja juu ya kingine, vyote vimenyooka.

Ulipita muda. Redio iliimba polepole.

"Mbona haijalia?" mzee alinong'ona bila kufumbua macho.

"Mlio umestaafu, Baba."

Mzee alilifikiria hilo. Mabega yake yalishuka kidogo.

"Haya. Ongeza taulo la pili."

Yule wa soda alisogea kwenye benchi, akamuuliza aliye pembeni yake kwa sauti ya chini nani anafuata.

"Mimi," aliambiwa. "Na wewe uko nyuma yake yule. Foleni inaanzia mlangoni."

"Kichwa sawa," alisema kinyozi.

Benchi zima likanyoosha shingo.